Dole la Bibi na Muhtasari wa Kichwani
(Niliyoyasema kwenye kikao cha vijana, Kigonsera)

 

Nimeombwa niongelee sheria, ila naanza na dole gumba la bibi yangu. Bibi hajui kusoma. Mwaka juzi alikwenda mkutano mkuu wa kijiji chao, sikitaji, akaweka dole kwenye karatasi ya mahudhurio kama wenzake. Hoja ilikuwa kumpa mgeni eneo la kijiji. Watu wakakataa, wakarudi kwenye kahawa zao. Miezi baadaye muhtasari ukaonekana: wajumbe wameafiki kwa kauli moja. Nyuma yake imebanwa karatasi ile ile ya mahudhurio. Dole la bibi limegeuka "ndiyo".

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Safi kabisa. Lakini hiyo idhini anaiandika nani? Mtu mmoja, na daftari anaondoka nalo yeye.

Sasa sikieni ya Niger. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza vikundi vya kuweka na kukopa na wanawake ambao wengi hawakujua kusoma. Hesabu ikakaa vichwani. Kabla ya kufunga kikao, kilichomo sandukuni kinatamkwa mbele ya wote; kikao kijacho kinafunguliwa kwa swali: tuliacha kiasi gani? Anayetaka kudanganya inabidi awadanganye wote kwa mpigo. Vikundi vingi vya hisa vya mama zetu ni wajukuu wa mpango ule.

Na sisi Wamatengo tulikuwa na sengu: wanaume wa ukoo wanakula pamoja, mambo yanajadiliwa hapo, vijana wanasikiliza na kubeba. (Mimi ningekuwa jikoni, kwa hiyo siililii sana.) Ila lile la kijana kukaa asikie ili kesho aweze kusema, hilo nalitaka.

Mtaniuliza, mahakamani itafaa? Sheria ya Ushahidi ya 1967 inakubali jambo lithibitishwe kwa mdomo, isipokuwa yaliyomo kwenye waraka. Halafu ushahidi wa mdomo lazima uwe wa moja kwa moja: kama ni jambo la kusikika, aseme aliyelisikia mwenyewe. Hapo ndipo tunaachana na masimulizi ya mababu. Ya kuambiwa na bibi hayanisaidii mimi kizimbani. Yanamsaidia bibi, maana yeye alikuwepo. Na msidanganyike, karatasi yenye mhuri ni ngumu kuibishia ukiwa peke yako. Watu arobaini wanaosema neno moja, hiyo ni habari nyingine.

Kwa hiyo naomba kila tawi lichague wakumbushaji watatu, wasiwe wa nyumba moja, mmoja wao awe mtu asiyesoma, maana hao kumbukumbu zao ni kali kuliko zetu sisi wa simu. Kabla ya kufunga, wataje maazimio kwa sauti, wote waitikie au wabishe. Kikao kijacho kianze na wao. Katibu aandike kama kawaida, ila asome mbele yao. Simu irekodi pia, ingawa simu huibwa.

Na karatasi ya mahudhurio iandikwe juu kabisa, kabla ya dole la kwanza: mahudhurio tu.

Tujaribu sasa hivi. Tangu asubuhi tumeazimia mambo mangapi? Mama hapo mlangoni, tuanze na wewe.