Nauli ya Daktari



Ninalo mkononi daftari. Ni lile la kawaida la shuleni, jalada la kahawia, limelowa mvua pembeni likakauka likakunjamana. Mwenyewe alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa tatu, nami nilikuwa msimamizi wake miaka kadhaa iliyopita, alipopelekwa kwa majuma sita kwenye zahanati moja upande wa Khwisero, hapa kaunti ya Kakamega. Zahanati sitaitaja, wala chuo alichotoka. Yeye mwenyewe ameniruhusu nilisome mbele yenu.

Daftari hili lina mianzo miwili. Ukilifungua kwa mbele unakuta kazi: akina mama aliowapima, urefu wa tumbo la uzazi kwa sentimita, mapigo ya moyo wa mtoto aliyoyasikiliza kwa kile kipaza cha mbao unachokibana kati ya sikio na tumbo huku umezuia pumzi. Kuna watoto aliowapima uzani wakiwa wamening'inia kwenye suruali ya mzani, wanalia, naye anaandika kilo kwa mkono unaotetemeka. Ukiligeuza na kulifungua kwa nyuma, unakuta hesabu ya fedha. Unga kilo mbili. Sukuma. Chumvi, sabuni. Kuchaji simu, 20. Matatu ya kwenda. Boda. Halafu mstari mmoja ambao amepigia mstari chini: boda ya mama, 150.

Nilimwuliza mama yupi. Akasema ni mama aliyefika usiku kwa uchungu, shinikizo la damu liko juu, muuguzi akaamua apelekwe hospitali kubwa mara moja. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kwingine. Mama hakuwa na kitu mfukoni. Mwanafunzi akatoa alichokuwa nacho.

Sasa tazameni hapa. Hesabu za nyuma zinakoma mwanzoni mwa juma la tano. Kazi ya mbele nayo inakoma siku hiyo hiyo. Kurasa zilizopaswa kuwa za juma la tano na la sita, za kuwatembelea waliojifungua majumbani kwao, ni nyeupe. Kijana alikuwa amekwisha kukopa kwa kukhu, yaani nyanya, aliyempangisha chumba, akaona haya kukopa tena, akapanda matatu akarudi kwao. Kwenye fomu ya chuo akaandika kwamba aliugua.

Nimefundisha watu wengi kuhusu mimba na kifafa cha mimba. Kurasa hizi nyeupe ndizo zilizonifunza jambo ninalolisema leo: nauli, chakula na malazi ya mwanafunzi aliye mashinani ni sehemu ya mafunzo yake, sawa na maabara na maiti ya kujifunzia anatomia. Hakuna mkuu wa kitivo anayemwambia mwanafunzi aje na maabara yake kutoka nyumbani. Lakini kila mwaka tunawaambia waje na nauli yao.

Kwanza niseme kwa nini tunawapeleka huko. Chuo Kikuu cha Moi kilipoanza kupokea wanafunzi wa udaktari mwaka 1990 kule Eldoret, waanzilishi wake walikata shauri kwamba daktari hataondoka katika kozi bila kuishi na jamii. Mpango huo, unaojulikana kwa jina la COBES, ukawatawanya wanafunzi kwenye vituo vya afya vya vijijini, wakahesabu vyoo na visima, wakauliza watu wanakunywa maji ya wapi, wakamfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake. Vyuo vingine vya afya nchini vimefuata njia hiyo kila kimoja kwa namna yake. Mimi ni muumini wa njia hii. Mtu aliyesomea wodini tu anamjua mama akiwa tayari amelazwa kitandani. Hajui mama huyo alitembea kilomita ngapi, kwamba aliacha watoto watatu kwa jirani, kwamba dawa za kuongeza damu alizianza akaziacha kwa kuwa zilimtia kichefuchefu na hakuna aliyemweleza. Haya yanajulikana zahanatini, asubuhi, kwenye benchi.

Na hapa Kakamega benchi hilo limejaa. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu watu 1,867,579. Toka Likuyani hadi Khwisero ni safari, na wengi wetu tabibu wa kwanza tunayekutana naye ni muuguzi wa zahanati au afisa wa kliniki.

Tujiulize basi: nauli ya yule kijana ilikuwa jukumu la nani? Nimeifuata njia ya fedha hiyo, nikakuta inapita katikati ya serikali mbili bila kusimama kwa yeyote. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vituo vya afya vya kaunti mikononi mwa kaunti. Vyuo vikuu vikabaki kwa serikali ya kitaifa. Tangu mwaka 2013 mpaka huo umekuwa wa kweli. Mwanafunzi anayesoma ni wa serikali ya kitaifa. Zahanati anayofanyia kazi ni ya kaunti. Kaunti ikiulizwa inasema, huyu si mfanyakazi wetu. Chuo kikiulizwa kinasema, karo yake imeshatumika. Hakuna anayesema uongo. Ila kijana yuko stendi na begi lake.

Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa mwaka 1995, imewasomesha watoto wa maskini wengi na sitaikosea heshima. Chini ya utaratibu mpya wa ufadhili wa mwaka 2023, mkopo wa matumizi hukadiriwa kwa kuangalia uwezo wa familia. Hilo ni la haki. Lakini haukadiriwi kwa kuangalia kozi itampeleka mwanafunzi wapi. Anayesomea historia akiwa bwenini mwaka mzima na anayesomea udaktari akihamahama kati ya bweni, wodi na kijiji, familia zao zikiwa na hali moja, wanapewa kiasi kimoja.

Wenzangu wa rika langu huniambia, mbona sisi tulikwenda na hatukulalamika? Ni kweli tulikwenda. Lakini tuliosoma miaka ya 1980 tulilala na kula kwa fedha za umma, na mkononi tulipewa posho tuliyoiita boom. Tulikwenda kijijini na boom mfukoni. Tusiwapime watoto hawa kwa kipimo ambacho sisi wenyewe hatukupimwa nacho.

Kuna jambo zito zaidi ya haki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2010 na ule wa 2021 kuhusu wahudumu wa afya wa vijijini, linasisitiza mambo matatu yanayokwenda pamoja: wachukueni wanafunzi waliozaliwa vijijini, wafundisheni vijijini, na wasaidieni kifedha. Aliyezaliwa kijijini ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Sasa fikirini ni nani anayeshindwa kumaliza majuma sita ya mafunzo ya nyanjani. Mtoto wa wakili wa Nairobi hutumiwa fedha kwa simu jioni hiyo hiyo. Anayerudi nyumbani juma la tano ni mtoto wa mkulima wa miwa wa Matungu. Ndiye tuliyemhitaji kuliko wote, na tunamfunza mapema kwamba kijiji ni mahali pa kulala njaa na kudhalilika.

Wengine walishaliona hili. Japani, mwaka 1972, wilaya zote za nchi ziliungana kuanzisha Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi. Wilaya humlipia mwanafunzi gharama, naye hurudi kuitumikia kwa miaka tisa. Karibu zaidi na sisi, kule Ingwavuma, KwaZulu-Natal, hospitali ya kijijini ya Mosvold ilichoka kungojea madaktari waletwe na watu wa mbali. Mwaka 1999 ikaanza kuwachagua vijana wa maeneo yale yale, ikawasomesha, na likizo wakarudi hospitalini kwao kufanya kazi. Kila mwaka wa ufadhili ulilipwa kwa mwaka wa utumishi. Hapa kwetu, mwaka 2013 ulianzishwa mfuko wa Afya Elimu, chini ya HELB na kwa msaada wa Marekani, wa kuwakopesha wanafunzi wa uuguzi na kozi nyingine za kati za afya. Mkopo ukirudishwa, unamsomesha mwingine.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko hapa hapa. Mwaka huo huo wa 2013, chini ya Gavana Wycliffe Oparanya, kaunti hii ilianza Imarisha Afya ya Mama na Mtoto, ambayo akina mama wenyewe waliibatiza Oparanyacare. Mama maskini alilipwa shilingi 2,000 kila alipotimiza hatua ya kliniki, hatua sita, jumla 12,000. Kaunti ilielewa kwamba umbali ni ugonjwa, na nauli ni dawa. Kama tuliweza kumlipa mama afike zahanatini, tunashindwaje kumlipa atakayempokea pale?

Kuhusu kugawana mzigo kati ya serikali mbili, hilo nalo limeshafanyika. Wahamasishaji wa afya ya jamii, zaidi ya 100,000 nchini, waliokabidhiwa mikoba yao Septemba 2023, wanawekewa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya kitaifa na nusu kutoka kaunti. Njia imeshalimwa. Mwanafunzi aingizwe humo humo.

Chukueni hesabu ndogo. Wanafunzi 60, majuma sita, shilingi 500 kwa siku kwa chakula, chumba na boda. Kila mmoja 21,000. Wote pamoja 1,260,000. Mnakumbuka mgomo wa madaktari wa mwaka 2024, ulioanza tarehe 14 Machi ukaisha tarehe 8 Mei, siku 56, kiini chake kikiwa ni madaktari wanagenzi walioahidiwa shilingi 206,000 kwa mwezi katika mkataba wa 2017 wakaambiwa watalipwa 70,000? Mishahara ya miezi sita ya mwanagenzi mmoja, kwa kiwango kile cha mkataba, ni 1,236,000. Mwanagenzi anastahili fedha zake zote, na ana chama cha kumsemea. Ninachosema ni kwamba kwa kiasi karibu na hicho, wanafunzi 60 wangemaliza juma la sita. Na hawa hawana chama cha wafanyakazi.

Nimeulizwa kama posho hii ifungwe na mkataba wa kurudi. Hapana. Ufadhili wa masomo mazima, kama wa Jichi au Mosvold, ni haki ufungwe. Posho ya majuma sita ni gharama ya somo. Huwezi kumfunga mtu kwa sababu ulimpa chaki. Ifike kwa simu yake kabla hajasafiri, kwa maana fedha inayorudishwa baada ya safari humsaidia tu aliyekuwa nayo. Kiwango kifuate umbali: anayepelekwa Lurambi asilipwe sawa na anayepelekwa Lugari. Na muuguzi anayemfundisha, ambaye leo hufanya kazi hiyo juu ya kazi yake bila hata barua ya shukrani, naye awe na fungu lake. Zahanati ikiwa na chumba kimoja chenye kitanda, stima na kufuli, nusu ya taabu hasa ya wasichana itakuwa imekwisha. Nimewaona waliolala kwenye stoo ya chanjo, karibu na friji, mlango umewekewa kiti.

Mwenye daftari hili aliyarudia majuma yale mawili mwaka uliofuata, kwa likizo yake. Kukhu alimdai deni lake kwanza, akalipwa, ndipo akamsongea ugali na mrenda.

Makadirio ya bajeti ya kaunti, ambamo posho hii inapaswa kuingia, sharti yafike mbele ya bunge la kaunti ifikapo tarehe 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Hesabu niliyowasomea nimeiandika kwenye ukurasa mmoja, na nakala za kuwapa waheshimiwa ziko pale mlangoni. Kundi letu lijalo la mwaka wa tatu linaondoka Agosti. Wengine watakwenda Butere, wengine Malava, wengine Navakholo. Watafika stendi asubuhi na mapema na mabegi yao na makoti meupe yaliyokunjwa ndani yake, na kabla gari halijaondoka, makanga ataunyosha mkono.