Si Uvivu, Ni Kisukari

Pengine nyanya ya watoto ana kisukari cha aina ya pili. Akipanda kutoka kisimani na mtungi mdogo tu, anahema, na watu nyumbani wanasema amekuwa mvivu. Wanamwonea. Kisukari hufanya moyo na mishipa midogo ishindwe kufikisha oksijeni ya kutosha kwenye misuli, na misuli yenyewe haiitumii vizuri. Nguvu huisha mapema.

Usimkalishe. Pamoja na dawa zake, atembee dakika 10 kila siku, aongeze polepole hadi 30, akivaa viatu vilivyofunika vidole. Kama anadungwa insulini, abebe glukosi mfukoni. Akibanwa na kifua, asimame papo hapo, na umpeleke hospitali mara moja, usingoje kliniki.