Bangili za Uhuru na Tarehe Iliyoandikwa Juu Yake



Kila inapokaribia tarehe 9 Desemba, bangili za shanga zenye kijani, njano, nyeusi na buluu huonekana masokoni, pamoja na hereni, vidani na beji za kumbukumbu. Ni biashara ya heshima. Hatari yake kwa mwenye mtaji mdogo ni ile tarehe iliyoandikwa.

Mwaka 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, siku hiyo ikawa ya usafi, na fedha zikaelekezwa katika upanuzi wa barabara ya Mwenge hadi Morocco, Dar es Salaam. Mwaka 2022 zilifutwa tena, na fedha zikajenga mabweni ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Hakuna wa kuyalaumu mabweni. Lakini aliyekwisha kuandika "Miaka 61 ya Uhuru" juu ya bangili mia alikosa gwaride la kuziuzia, na mwaka uliofuata ulidai namba nyingine.

Sarafu ya shilingi 20 ya mwaka 1981, iliyoadhimisha miaka 20 ya Uhuru, haikuwa na shida hiyo: sherehe ilipokwisha iliendelea kununua sukari. Bangili haina bahati hiyo. Basi mwaka na uandikwe kwenye kidude kidogo cha kuning'inizwa, kinachoweza kuchomolewa, na bangili yenyewe ibaki na rangi tu.

Kisarawe ni nchi ya Wazaramo, mabingwa wa kuchonga mwanahiti. Kidani chenye kinyago kidogo cha namna hiyo hakingoji Desemba, ingawa makungwi wanastahili kuulizwa kwanza, kwa kuwa asili yake ni unyagoni.

Anayetaka kuweka picha ya Ngao au Bendera ya Taifa akumbuke Sheria ya Nembo za Taifa, Sura ya 10: matumizi ya kibiashara huhitaji idhini. Ofisa Biashara wa halmashauri aulizwe kabla ya shanga kununuliwa, si baada.

Mikopo ya halmashauri isiyo na riba hutengwa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kitakachoomba kwa kazi hii kieleze katika andiko lake marejesho yatatoka wapi endapo sherehe haitafanyika. Ofisa Maendeleo ya Jamii wa kata husaidia kuliandaa.