Uwanja wa Wananchi: Historia ya Klabu ya Gofu ya St Andrews

(Mada iliyotolewa kwa wakazi wa kata kuhusu utunzaji wa maeneo ya wazi)

Katika mji wa St Andrews, pwani ya mashariki ya Uskoti, ipo klabu ya gofu inayojulikana duniani kote. Ilianzishwa na watu 22 mwaka 1754, na mwaka 1834 Mfalme William IV akaipa jina la Royal and Ancient. Hata hivyo, klabu hiyo haimiliki uwanja inaochezea. Uwanja ni mali ya umma.

Mwaka 1552 Askofu Mkuu John Hamilton alithibitisha kwa hati haki ya wenyeji kucheza gofu na kandanda katika ardhi ile ya mchanga kando ya bahari. Haki hiyo ilidumu hadi mwaka 1797, halmashauri ya mji ilipozidiwa na madeni na kuipoteza ardhi. Ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa sungura. Wanyama hao wakachimbua nyasi, nao wenyeji wakaingia katika mgogoro wa miaka mingi uliofika hadi mahakamani.

Mwaka 1821 James Cheape, mwenye shamba jirani na mpenzi wa gofu, aliinunua ardhi hiyo, mchezo ukanusurika. Lakini hisani ya mtu mmoja si haki ya wote. Ni mwaka 1894, kwa sheria ya Bunge, halmashauri ilipoununua uwanja na kuurejesha kwa umma. Kilichopotea kwa deni kilichukua miaka 97 kurudi. Tangu mwaka 1974 uwanja unasimamiwa na bodi ya wadhamini.

Mashindano ya The Open yalichezwa hapo kwa mara ya kwanza mwaka 1873, na mwaka 2022 yalirudi kwa awamu yake ya 150. Lakini Jumapili za kawaida gofu husimama katika Uwanja Mkongwe, na wenyeji hutembea humo na watoto wao.

Ndugu wakazi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Kiwanja cha watoto, malisho na eneo la mnada vinalindwa na wanaohudhuria mkutano huo na kuhakikisha mipaka imeandikwa. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.