Umeme wa Jua Visiwani na Haki ya Mwenye Nyumba



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya umeme wa jua majumbani. Huenda wengine wakashangaa kuona jambo la mafundi likiletwa mbele ya kikao cha haki na amani. Lakini pale ambapo mama anatoa fedha yake ya pweza ili nyumba yake ipate taa, na fedha hiyo ikaliwa njiani kabla taa haijadumu mwaka, hapo suala la haki limekwisha kuingia.

Tutazame kwanza mahali tulipo. Gesi iligunduliwa Songo Songo, katika wilaya hii ya Kilwa, mwaka 1974. Mwaka 2004 ilianza kupelekwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, kuendesha mitambo ya umeme. Kilwa Kisiwani nacho, ambacho magofu yake yameorodheshwa katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, kinatazamana na Kilwa Masoko, mwendo mfupi tu kwa mashua. Hata hivyo maji hayo machache hugeuza nguzo na waya kuwa mzigo mkubwa wa gharama. Ndiyo sababu paneli ndogo juu ya paa ina thamani visiwani kuliko bara.

Msaada wa umma, je, unamfikiaje mwenye paneli? Kijijini bara, mtu aliye karibu na njia ya umeme ameweza kuunganishwa kwa shilingi 27,000 kupitia miradi ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Gharama kubwa iliyosalia hubebwa na umma. Hatuna neno juu ya ruzuku hiyo; ni njema, na iendelee. Lakini anayejinunulia paneli hapati punguzo la wazi namna hiyo. Nafuu yake imefichwa ndani ya bei. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 iliziweka paneli na taa za jua miongoni mwa bidhaa zisizotozwa kodi hiyo, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. REA nayo imewahi kutoa ruzuku kwa wauzaji na wajenzi wa mitambo ya jua. Njia zote mbili hupitia kwanza mkononi mwa mfanyabiashara, na mnunuzi asiyejua kwamba nafuu ipo hataiuliza. Kwa kuwa sheria ya fedha hubadilishwa kila mwaka, inafaa jumuiya imtume mtu mmoja kwenye ofisi ya Mamlaka ya Mapato akaulize ni vifaa gani vimesamehewa mwaka huu, kisha awaeleze wenzake.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Kaya inayotumia shilingi 500 kila siku kwa mafuta ya taa na kuchaji simu hutoa shilingi 182,500 kwa mwaka. Mtambo mdogo wa shilingi 600,000 ukinunuliwa taslimu utarudisha gharama yake baada ya miaka mitatu na miezi michache, iwapo betri itadumu. Mtambo huohuo ukikopwa kwa shilingi 1,000 kila siku kwa miaka mitatu, kaya italipa 1,095,000. Hatusemi kukopa ni dhambi. Maskini hana 600,000 mkononi. Twasema aijue hiyo 495,000 ya ziada kabla ya kutia sahihi.

Tena kuna mtambo unaojizima wenyewe malipo yakichelewa. Mkataba wa namna hiyo humfaa mwenye mshahara. Mapato ya pwani hufuata bahari: pweza hupatikana bamvua, maji yanapokupwa sana, na upepo wa kusi ukikaza vyombo vingi hubaki ufukweni. Kudai shilingi 1,000 kila siku kwa mtu ambaye fedha yake huja kwa majira ni kumtega. Kikundi kikinunua pamoja kina nguvu ya kudai malipo yafuate bamvua, au kikopeshane chenyewe kupitia VICOBA.

Mengine ni ya kiufundi, nasi tutayapitia upesi. Paneli ya wati 50 hutosha taa nne ndogo, simu na redio. Friji ya samaki haiwezi. Huku kusini mwa Ikweta ielekezwe kaskazini, iinamishwe kidogo ili mvua iioshe, wala isiwekwe chini ya mnazi, kwani kivuli cha kuti moja hupunguza umeme mwingi kuliko mtu anavyodhani. Kwenye nyumba ya makuti afadhali isimamishwe juu ya mlingoti. Chumvi ya bahari hula viungo vya nyaya, basi vipakwe grisi na kukaguliwa. Betri ya asidi inayomalizwa kabisa kila usiku hufa mapema, na hapo ndipo akiba ya kaya nyingi huzikwa. Tudai alama ya ubora ya TBS, risiti, na dhamana iliyoandikwa.

Limebaki la Halmashauri. Wilaya yetu hupokea ushuru wa huduma unaotokana na gesi. Katika mkutano mkuu wa kijiji kila raia mtu mzima ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kilipokewa, na kama sehemu yake yaweza kuwasha zahanati na shule za visiwani kwa jua. Tuulize pia juu ya mikopo ya asilimia 10 isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Mikopo hiyo ni ya kazi za kuzalisha, hivyo kikundi kisiombe taa za nyumbani; kiombe mtambo wa kuchaji simu na taa za wavuvi kwa malipo. Swali hili tuliandae pamoja na majirani zetu Waislamu, walio wengi katika pwani hii, na tulipeleke kwa maandishi, likiwa na tarehe na sahihi, nakala moja ibaki kwetu.