MITAA YA MJI NA KURA ZAKE
(Maneno yaliyosemwa mbele ya makatibu wa matawi ya mjini)



Tumetakiwa tuseme juu ya kura na mitaa ya mji. Liko neno ambalo kila katibu hulileta ofisini: "Mtaa ule ni wetu." Tukimwuliza amejuaje, hujibu kwamba mkutano ulijaa, bendera zilipepea, na nyimbo ziliimbwa mpaka usiku. Sisi tuliosomea ualimu tumezoea kuita majina kila asubuhi. Mtoto asiyeitika hatumwandiki kuwa yupo eti kwa sababu nyumba yao iko karibu na shule.

Tutazameni mji wa Unguja. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wa nyumba za mawe. Upande wa pili, kuvuka mkono wa bahari ambao baadaye ulifukiwa, ni Ng'ambo: Miembeni, Kikwajuni, Mwembetanga na mitaa mingine, makao ya makuli, mafundi na wachuuzi. Watu wa Ng'ambo walijua kusimama pamoja kabla hawajaona sanduku la kura. Mwaka 1928 waligoma kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja.

Uchaguzi wa kwanza ulikuwa Julai 1957, wa viti 6 katika Unguja na Pemba. Wanaume peke yao ndio waliopiga kura, tena kwa masharti, na lazima mtu awe raia wa Sultani. Katika Ng'ambo Bwana Abeid Karume alipata kura 3,328, na Bwana Ali Muhsin, kiongozi wa Hizbu, kura 918. Mji Mkongwe, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu, haukuchagua chama cha Karume wala Hizbu. Ulimchagua mtu aliyesimamishwa na chama cha Waislamu wa asili ya Kihindi.

Wapo wasemao kwamba hayo yote ni asili ya watu tu. Hapana shaka asili ilikuwa na nguvu, lakini jibu hilo ni la mvivu. Yafaa tuulize pia nani alikuwa mpangaji na nani mwenye nyumba, na zaidi ya yote, nani aliyeandikwa. Wahindi wengi hawakuwa raia wa Sultani, kwa hiyo nyumba ilijaa watu na daftari likawa tupu. Na akina mama wa pande zote mbili, waliokuwa nusu ya kila mtaa, hawakuhesabiwa kabisa.

Hizbu walishindwa mwaka ule wasipate hata kiti kimoja. Hawakukaa wakalia. Walifungua matawi, wakawakusanya vijana na akina mama, wakahimiza watu waandikwe. Januari 1961, wanawake nao wakipiga kura, Hizbu walipata viti 9, na Afro-Shirazi 10, katika viti 22. Chake Chake, Pemba, kiti kilipatikana kwa kura moja. Kura moja, ndugu zangu! Hebu fikirini mtu aliyebaki nyumbani siku ile akisubiri chai ipoe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Julai 1963 Afro-Shirazi walipata kura 54 katika kila 100, lakini viti 13 tu katika 31. Hizbu walipata 12, na wenzao wa ZPPP 6, wakaunda serikali. Kura zilikwenda wapi? Nyingi zilirundikana katika ngome. Ukiwa umekwisha kumpita mwenzako kwa elfu moja katika Ng'ambo, ukaongeza elfu nyingine, kiti ni kile kile kimoja. Mwenzako amepita kwa kura chache mahali pengine, naye ana kiti kamili kama chako. Hatusemi kwamba mipaka ya majimbo peke yake ndiyo iliyoleta msiba. Lakini ghasia za Juni 1961 zilikuwa zimekwisha kuua watu 68, na serikali iliyopokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963 ilipinduliwa tarehe 12 Januari 1964. Watu wakiona hesabu ya vichwa na hesabu ya viti haziafikiani, hasira haikai mbali.

Turudi mjini kwetu. Mitaa yenye kelele nyingi ndiyo mara nyingi yenye wapangaji wengi, na mpangaji huhama. Akihama chumba, jina lake hubaki kituo cha zamani, na siku ya kura hana nauli wala nafasi ya kurudi huko. Mtu wa bandarini huingia kazini alfajiri. Mama mwenye mtoto mchanga hawezi kusimama mstarini saa nne. Lakini mwenye nyumba yake, aliyekaa mtaa mmoja miaka ishirini, hukijua kituo chake na hufika mapema. Basi msiwaite watu wa vyumba wavivu kabla hamjawauliza majina yao yako wapi.

Kwa hiyo hatutaki tena taarifa ya "mtaa ni wetu." Kila katibu apite nyumba kwa nyumba, nyumba za wasiotupenda nazo pia, aandike waliopo, walioandikwa, waliohama, na wasioweza kufika bila kusaidiwa. Mitaa tuliyozoea kuipita mbio kwa sababu haituimbii, huko tutakwenda kwanza. Madaftari yapo mezani kwa karani, na kila tawi litapewa mawili.