Msingi wa Elimu ya Awali

Tangu mwaka 2016, Serikali ya Tanzania ilipoondoa ada katika shule za umma kuanzia elimu ya awali, yaani mafunzo yanayomwandaa mtoto kabla ya darasa la kwanza, shule binafsi za Mbeya na Iringa haziwezi kumvuta mzazi kwa basi la njano na sare pekee. Kinachomshawishi ni darasa lenye watoto wachache, ambamo mwalimu aliyesomea malezi huwafundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, huhakikisha wanapata uji wa moto katika baridi ya Juni, na hutambua kwamba mtoto aliyelelewa kwa Kihehe au Kisafwa huhitaji kukizoea Kiswahili kabla ya kubebeshwa Kiingereza. Shule itakayojenga msingi huo haitahangaika na matangazo, kwani kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.